Ndiyo ya nani? Njia nne za kuandika mkahawa wa kosheri kwenye ramani huria

Jioni moja huko Golders Green, kaskazini mwa London, nilisimama mbele ya mkahawa wenye nyota ya Daudi dirishani. Harufu ya supu ya kuku ilinifikia mlangoni, na kwenye karatasi ya vyakula neno kosheri, yaani chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi, lilionekana wazi. Nikatoa simu, nikaandika lebo `diet:kosher=yes` (mlo wa kosheri: ndiyo) kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri, nikashika njia yangu. Wiki mbili baadaye mchora ramani mwenzangu, mkazi wa mtaa ule, akaniandikia mstari mmoja tu: umeandika ndiyo, ndiyo ya nani?

Nilirudi kusoma vizuri. Karatasi ilisema "mtindo wa kosheri", maana yake mapishi waliyoyazoea Wayahudi wa Ulaya Mashariki, bila ahadi yoyote kwamba sheria za dini zinafuatwa jikoni. Ukutani hapakuwa na cheti. Niliifuta lebo siku hiyohiyo, lakini kwa wiki mbili ramani ilikuwa imemwambia kila aliyeuliza kwamba pale panalika. Mtu anayeshika dini yake kwa dhati angeingia, angeagiza, angekula, na kilichokwisha kuliwa hakirudi mezani. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya nikae nizilinganishe njia ambazo wachoraji hutumia kuandika habari hii.

Nimeandika kwa ajili ya Waswahili wanaochora ramani katika miji yenye Wayahudi, iwe London, Paris, Antwerp, Brooklyn au Jerusalem, na wale walioko Nairobi, Kampala au Kinshasa ambao huulizwa na wageni. Wengi wetu tunaingia kwenye kazi hii na mazoea ya halali, na mazoea hayo yanaweza kutupoteza. Mombasa, hoteli ya mtaani ukijua mwenyewe ni Mwislamu, unavuta kiti unaagiza biriani; vyeti vya halali utaviona zaidi kwenye pakiti za viwandani na kwenye hoteli kubwa. Kwa Myahudi anayeshika sheria, dini ya mwenye mkahawa peke yake haitoshi. Anataka kujua nani anasimamia jiko.

Kosheri yenyewe, kwa ufupi

Msingi uko katika Mambo ya Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14: mnyama awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua, samaki awe na mapezi na magamba. Pweza, ngisi, kamba na kaa wote wamekatazwa, kwa hiyo meza nzima ya Forodhani ingebaki na samaki wachache tu. Mnyama huchinjwa kwa utaratibu maalumu na damu hutolewa. Kisha kuna jambo ambalo halali haina: nyama na maziwa havichanganywi, si katika sufuria, si katika sahani, si katika mlo mmoja. Baada ya nyama wengi husubiri saa sita kabla ya kugusa maziwa. Wayahudi wenye asili ya Ujerumani husubiri saa tatu, wa Uholanzi saa moja. Chakula kisicho nyama wala maziwa, kama matunda, mboga, mayai na samaki, huitwa parve.

Ndiyo maana mkahawa wa kosheri huwa wa nyama au wa maziwa, na huwa na cheti kinachotaja nani anausimamia. London pekee ina mamlaka kadhaa: Beth Din (mahakama ya dini) ya London yenye alama ya KLBD, Sephardi Kashrut Authority, Federation, na Kedassia. Marekani kuna OU, OK, Star-K, Kof-K na nyingine nyingi. Kila familia ina mamlaka inazoziamini na zile isizozitegemea.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale. Je, mpita njia asiye Myahudi anaweza kuhakiki anachoandika kwa macho yake, bila kubahatisha? Je, kilichoandikwa kinamjibu mwenye njaa, anayetaka kujua kama yeye, kwa sheria za nyumbani kwake, anaweza kukaa hapo? Kitaoza baada ya muda gani? Programu za simu zinaweza kukisoma na kukichuja? Na mwisho, je, ramani inabaki upande wa kati, au inajifanya rabi na kuamua nani ni kosheri na nani si kosheri?

Ugumu wa kuandika siupimi peke yake, kwa sababu umo ndani ya hayo yote. Njia ngumu itaandikwa na wachache, na kinachoandikwa na wachache huoza upesi.

Njia ya kwanza: kuiweka katika aina ya mapishi

Hapa mchoraji huandika `cuisine=kosher`, au huiunganisha kwa nukta mkato: `cuisine=pizza;kosher`. Njia hii humjia mtu mgeni kwa urahisi, kwa sababu sehemu ya mapishi ndiyo ya kwanza kuonekana katika programu nyingi za kuhariri.

*Kuhakiki.* Kusoma bango ni rahisi. Taabu ni kwamba bango husema mambo mawili kwa neno moja. Mkate wa duara wenye samaki wa moshi, falafeli, supu ya kuku yenye madonge ya unga: hivi ni vyakula vya Wayahudi kwa utamaduni, na kwa hivyo kuna lebo ya `cuisine=jewish`. Kosheri ni sheria. Mkahawa wa sushi unaweza kuwa kosheri, wa Kihindi pia, na wa shawarma pia. Mkahawa wenye kila chakula cha Kiyahudi unaweza usiwe kosheri hata kidogo, kama ule ulioniponza.

*Kumjibu mlaji.* Anajibiwa nusu. Atajua neno lipo mahali fulani, hatajua kama ni la mapishi au la dini.

*Kudumu.* Inakaa muda mrefu, kwa kuwa mapishi hayabadiliki upesi. Hapo pana hatari, maana cheti kinaweza kuondolewa huku pizza ikiendelea kuokwa, na hakuna atakayekumbuka kulitoa neno moja lililojificha nyuma ya nukta mkato.

*Programu.* Nyingi huonyesha mapishi, lakini anayechuja kwa mlo hataliona neno hili.

*Kutokuwa na upande.* Haichukui upande, kwa sababu haisemi jambo kubwa.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayerekodi mapishi ya Kiyahudi kama utamaduni, kwa lebo ya `jewish`. Ukikuta `cuisine=kosher` ya zamani, usiifute kwa hasira; inakuonyesha kwamba mtu alipita akaona kitu. Nenda ukaangalie, kisha uihamishe mahali pake.

Njia ya pili: ufunguo wa mlo, ndiyo au pekee

Huu ndio utaratibu uliozoeleka, ambapo ufunguo ni maneno yaliyo kabla ya alama ya `=`: `diet:kosher=yes`, `only` (kosheri pekee) au `no`, pamoja na ndugu zake `diet:halal`, `diet:vegan` na `diet:vegetarian`. Programu ya StreetComplete humuuliza mtembeaji swali hili mlangoni, naye hujibu kwa kugusa mara moja.

*Kuhakiki.* Kwa mahali penye cheti dirishani ni kazi ya nusu dakika. Jambo moja tu linataka utulivu, na limewapotosha wengi: tofauti ya `yes` na `only`. Kwa wala mboga, `yes` ina maana iliyo wazi, yaani hoteli ya nyama choma inaweza pia kuuza maharage na kachumbari. Kosheri haigawanyiki hivyo. Jiko linalopika nyama ya nguruwe asubuhi haliwezi kutoa mlo wa kosheri jioni kwa sufuria zilezile, kwa sababu vyombo navyo vina hukumu yake. Kwa hiyo mkahawa wa kosheri wa kweli karibu siku zote ni `only`. Ile `yes` ina kazi yake kwingine: duka kubwa lenye rafu ya bidhaa za kosheri, au hoteli ya kulala wageni inayoweza kuleta mlo uliofungwa tayari kutoka jiko lingine. Ukiona `yes` kwenye mkahawa mdogo, ishuku. Huenda aliyeandika alikuwa kama mimi siku ile.

*Kumjibu mlaji.* Inamtosha mtu ambaye kosheri kwake ni desturi ya jumla, asiyechagua kati ya mamlaka. Kwa aliyekula nyama mchana na sasa anatafuta kahawa yenye maziwa au mahali pa parve, haimsaidii. Kwa anayetegemea Kedassia tu, haimsaidii pia.

*Kudumu.* Wastani. Kama utaandika na tarehe ya kuhakiki, `check_date:diet:kosher=2025-03-09`, anayekuja baadaye atajua habari hiyo ina umri gani. Wachache huandika, na naomba tuzoee.

*Programu.* Hapa njia ya pili inaongoza. Maneno ni machache, yanafanana dunia nzima, na anayetaka orodha ya mji mzima huipata kwa swali fupi katika Overpass Turbo, tovuti ya kutafuta data ndani ya OpenStreetMap.

*Kutokuwa na upande.* Kwa mtazamo wa kwanza haina upande. Ukiichunguza, neno `only` ni hukumu, na mwenye kuitoa ni mchoraji. Katika Israeli jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya 1983 dhidi ya udanganyifu wa kosheri ilimzuia mwenye mkahawa kujiita kosheri bila cheti cha Marabi Wakuu wa nchi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaruhusu mikahawa kueleza kwa maandishi taratibu inazofuata na nani anaisimamia, mradi iseme wazi kwamba haina cheti hicho. Mwaka 2018 shirika la marabi la Tzohar likaanza kusimamia mikahawa kwa njia hiyo. Basi ukisimama Jerusalem mbele ya mkahawa wa namna hii, ambao mwenyewe haujiiti kosheri kwa neno lenyewe ingawa jiko lake linafuata masharti chini ya msimamizi, utaandika nini? Kwa Wayahudi wengi jibu ni `only`. Kwa wengine ni `no`. Lebo yenye maneno matatu haina nafasi ya kusema "inategemea unamwamini nani".

*Inamfaa nani.* Inamfaa mchoraji mwenye haraka, anayepita mtaa mzima kwa siku moja, na mji wenye mamlaka moja tu, ambako swali la "ya nani" lina jibu moja.

Njia ya tatu: funguo ndogo chini ya ule mkubwa

Hapa lebo ya mlo inabaki palepale, na pembeni yake zinaongezwa nyingine zinazonukuu cheti. Kwa mfano:

`diet:kosher=only`
`diet:kosher:supervision=KLBD`
`diet:kosher:type=meat`
`check_date:diet:kosher=2025-03-09`

Majina ya mistari miwili ya katikati ni mfano wangu wa kuonyesha sura ya njia yenyewe. Kabla ya kuyatumia, fungua Taginfo, tovuti inayoonyesha lebo zinazotumika kwenye OpenStreetMap, uone wachoraji wa mji wako wanatumia yapi, kwa sababu funguo kumi zinazosema jambo moja kwa majina kumi hazimsaidii yeyote. Anayetaka jina moja likubaliwe rasmi hupitia njia ya mapendekezo: majadiliano ya wiki mbili au zaidi, kisha kura za wiki mbili, na pendekezo hupita likipata kura za ndiyo zisizopungua nane na asilimia 75 ya waliopiga. Kura hizo hazimfungi mtu. OpenStreetMap humruhusu kila mchoraji kuandika lebo anayoihitaji. Ila lebo iliyokubaliwa ndiyo wenye programu huihangaikia.

*Kuhakiki.* Watu hudhani njia hii inahitaji elimu ya dini. Ninaona ndiyo inayohitaji elimu kidogo kuliko zote. Sikuulizi kama chakula ni kosheri. Nakuuliza cheti kinasema nini: nani ameweka sahihi, nyama au maziwa, hadi tarehe gani. Unasoma, unanakili. Mswahili asiyejua herufi za Kiebrania anaweza kukwama Jerusalem, kweli, lakini London na New York vyeti huwa na herufi za Kilatini na alama zinazotambulika kirahisi.

Kuna mitego miwili ya kusoma. Wa kwanza ni neno Badatz. Si jina la mamlaka moja. Ni ufupisho wa Kiebrania wa mahakama ya dini, na mamlaka kadhaa hulibeba. Badatz ya Eda HaCharedit si Badatz ya Beit Yosef, na mtu anayeitegemea moja anaweza asiiguse nyingine, kwa hiyo andika jina zima. Wa pili ni herufi K iliyo peke yake kwenye bidhaa za Marekani. Herufi tupu haiwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara ya mtu, hivyo kiwanda chochote kinaweza kuichapa. Penye K tupu usijaze jina la msimamizi kwa kukisia.

Na katika Israeli utakuta vyeti viwili ukuta mmoja, cha marabi wa mji kwa sababu ya sheria na cha Badatz fulani kwa sababu ya wateja. Andika vyote, kwa nukta mkato kati yake.

*Kumjibu mlaji.* Mwenye njaa anapata alichotaka, na anaamua mwenyewe.

*Kudumu.* Hapa njia hii ina kidonda, na sitakifunika. Cheti kina tarehe ya mwisho, na vingine ni vya miezi michache tu. Mkahawa hubadilisha msimamizi, wa maziwa hugeuka wa nyama, mkataba na mamlaka huvunjika katikati ya mwaka. Wakati wa Pasaka mambo yote hupinduka kwa siku nane nje ya Israeli, saba ndani yake: mikahawa mingi hufunga, na inayobaki wazi huhitaji usimamizi wa pekee, huku Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) wakikataa wali na kunde ambazo Wasefardi (wenye asili ya Hispania) wengi hula. Kadiri unavyoandika zaidi ndivyo una zaidi ya kurudia. Kama mtaa wako una mchoraji mmoja naye anahama mwezi ujao, mistari minne aliyoiacha itakuwa mistari minne ya uongo baada ya mwaka, na uongo wenye maelezo mengi huaminika kuliko uongo mfupi.

*Programu.* Programu nyingi hazitasoma funguo ndogo zisizozijua. Zitasoma ule mkubwa tu. Ndiyo maana usithubutu kuondoa `only` na kuandika `diet:kosher=KLBD` mahali pake. Kwa jicho la binadamu inapendeza, lakini programu inayotafuta `yes` au `only` itapita kana kwamba mkahawa haupo.

*Kutokuwa na upande.* Jimbo la New York lilikwisha kuipitia njia hii kwa gharama kubwa kuliko yetu. Sheria yake ya 1915 ilitaka kinachouzwa kwa jina la kosheri kifuate masharti ya Wayahudi wa Kiorthodoksi. Wauzaji waliokuwa chini ya rabi wa mkondo mwingine wakaenda mahakamani, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema serikali haina mamlaka ya kuchagua tafsiri moja ya dini na kuilazimisha. Mwaka 2004 jimbo likatunga sheria nyingine ambayo haisemi kosheri ni nini; inamtaka muuzaji aseme nani amemthibitisha. Serikali yenye polisi na mahakama iliacha kuhukumu, ikabaki kudai jina la msimamizi. Sioni kwa nini wachoraji wa kujitolea tujitwike mzigo ambao jimbo zima liliutua.

Jina ni la mamlaka, lakini. Jina na simu ya msimamizi anayekaa jikoni havina nafasi kwenye ramani, hata kama vimeandikwa kwenye cheti.

*Inamfaa nani.* Inafaa miji yenye mamlaka nyingi na wachoraji wa kutosha, na jumuiya ambayo watu wake wenyewe watakuwa wakirudi kuhakiki.

Njia ya nne: maelezo huru na orodha ya nje

Hapa mchoraji huandika sentensi katika `description`, au huweka `website` ya mkahawa au ya mamlaka inayousimamia na kumwacha msomaji aende huko. Wengine hujenga orodha yao pembeni na kuiunganisha na ramani kwa namba ya kitu, yaani namba ambayo OpenStreetMap hukipa kila kilichochorwa.

*Kuhakiki.* Sentensi inabeba kile ambacho lebo haiwezi: kwamba chakula hupatikana kwa kuagiza siku moja kabla, kwamba ghorofa ya chini ni ya maziwa na ya juu ni ya nyama. Inabeba pia porojo na matangazo, na herufi zake haziwezi kuzidi 255.

*Kumjibu mlaji.* Vizuri, kama anajua lugha iliyotumika. Sentensi ya Kiebrania haimfai mgeni kutoka Paris.

*Kudumu.* Kiungo cha mamlaka yenyewe ndicho kinachodumu kuliko yote, kwa sababu wao husahihisha orodha yao kila mkahawa unapotoka au kuingia. Namba ya kitu kwenye ramani haina uhakika huo. Mchoraji akifuta nukta ya mkahawa na kuchora jengo zima, namba hubadilika na orodha yako inaelekeza hewani.

*Programu.* Zitaonyesha maandishi, hazitachuja.

*Kutokuwa na upande.* Inategemea kalamu ya aliyeandika.

Njia hii inahitaji onyo. Orodha za mikahawa zinazotolewa na mamlaka za kosheri ni mali yao. Kuzisoma ili ujue uende mtaa gani ni sawa. Kuzinakili na kuzimwaga kwenye OpenStreetMap bila ruhusa ya maandishi ni kosa la hakimiliki, na data yote iliyoingia hivyo inaweza kufutwa. Kama unaijua jumuiya, waombe. Barua moja yenye adabu inaweza kufungua mlango ambao miezi ya kutembea isingeufungua.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeshughulikia mahali pasipo pa kawaida, na mamlaka au jumuiya iliyo tayari kutoa orodha yake kwa leseni inayoruhusu.

Kulingana na hali yako

Ukiwa unapita tu na huna nia ya kurudi, andika ufunguo wa mlo na tarehe ya kuhakiki, basi. Kama hukuona cheti, usiandike chochote. Pengo kwenye ramani humfanya mtu aulize. `Yes` isiyo na msingi humfanya asiulize.

Ukiwa mkazi wa Golders Green, Brooklyn au Antwerp na unapita mtaa huo kila wiki, ongeza jina la msimamizi na aina ya jiko. Anza na mikahawa mitano unayoweza kuirudia, usianze na hamsini. Rekebisha na saa za kufunguliwa: Ijumaa jua la Desemba huzama London kabla ya saa kumi jioni, la Juni baada ya saa tatu usiku, na mkahawa wa kosheri hufunga kabla yake. Muundo wa `opening_hours` unaelewa machweo, kwa hiyo `Fr 10:00-(sunset-02:00); Sa off` inawezekana kabisa pale ambapo mwenyewe ndivyo anavyofunga. Kufungwa Jumamosi ni dalili, si cheti. Usiruke kutoka dalili hiyo hadi `only`.

Ukiwa Israeli, njia ya pili peke yake itakutia katika ubishi usioisha. Nakili vyeti vilivyo ukutani, vyote, na pale palipo na tamko la usimamizi lisilotumia neno kosheri, taja anayesimamia. Mjadala wa neno gani likae katika ufunguo mkubwa wapelekee wachoraji wa huko. Ni nchi yao na wanaujua uzito wake kuliko sisi.

Ukiwa unatengeneza programu ya kuwasaidia wasafiri, soma ufunguo mkubwa kwanza, funguo ndogo pale zinapokuwepo, na mwonyeshe mtumiaji tarehe ya mwisho ya kuhakiki kwa herufi zinazosomeka. Habari ya miaka mitatu iliyopita iwe na rangi tofauti na ya mwezi huu.

Ukiwa Paris au mji wowote ambako jumuiya ina majeraha, tumia busara zaidi ya vipimo vyangu. Agosti 1982 watu sita waliuawa katika shambulio kwenye mkahawa wa Kiyahudi wa Rue des Rosiers. Januari 2015 wanne waliuawa ndani ya duka la kosheri la Hypercacher. Mahali penye bango barabarani pamejitangaza penyewe, na ramani haiongezi siri yoyote. Mpishi anayefanya kazi nyumbani bila bango, au chumba cha chakula ndani ya sinagogi kisichotangazwa, usikiandike bila idhini ya wenyewe.

Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam na unataka kuboresha `diet:halal`, funguo ndogo zinakufaa hasa kwa wauza nyama na hoteli kubwa zenye cheti, kama cha Kenya Bureau of Halal Certification. Kwa mama ntilie na hoteli za mtaani, ambako watu huaminiana kwa kujuana, ufunguo mkubwa peke yake unatosha, na kudai jina la msimamizi kutaleta sehemu tupu zinazoonekana kama tuhuma.

Na ukiwa Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda walioanza kushika dini hii pamoja na Semei Kakungulu mwaka 1919, usitafute alama ya KLBD wala OU kisha ukaandika `no` kwa kuikosa. Wengi wao wako na mkondo wa Kimasorti, tofauti na ule wa Kiorthodoksi, wa kijiji cha Putti wanafuata Uorthodoksi, na mgeni kutoka Brooklyn na mgeni kutoka Los Angeles wanaweza wasikubaliane kuhusu sahani moja. Nenda kwa wazee wa jumuiya, uwaulize nani anachinja na nani anasimamia jiko, uwaombe ruhusa ya kuandika. Wakikubali, taja jumuiya yao kuwa ndiyo inayosimamia, weka tarehe, na katika maelezo huru uandike kama mgeni anatakiwa kutoa taarifa kabla ya Ijumaa.